Kansere ya Ngozi na Shauri la Wengi

Waliosoma Kitabu cha Walawi wanakumbuka sura ya 13. Humo Musa na Haruni wanapewa amri juu ya mtu mwenye baka au uvimbe katika ngozi. Mtu huyo anapelekwa kwa kuhani. Kuhani anatazama: je, nywele za fasi ile zimegeuka nyeupe? Je, baka limeingia chini ya ngozi? Kama ishara ni wazi, anatoa neno lake. Kama si wazi, halitoi. Anamtenga mtu siku saba, kisha anamtazama tena. Na kama mashaka yako bado, anamtenga siku saba nyingine. Wasomaji wengi wanaruka sura hii upesi, wakidhani haina kitu cha kuwafaa watu wa Agano Jipya. Kumbe ina fundisho kubwa: mwenye kazi ya kutaja jina la ugonjwa asilitaje kabla ya kujua, maana neno lake litamtoa mtu kambini au litamrudisha kwa watu wake.

Siku hizi kazi hiyo imetoka mikononi mwa makuhani, imeingia mikononi mwa waganga. Hata hivyo mapadri na makatekista wa kwetu wanaletewa wagonjwa wa namna hiyo mbele ya mganga yeyote, kwa sababu kanisa liko karibu na lopitali iko mbali. Kwa hiyo tutaeleza hapa mambo matatu: namna kansere ya ngozi inavyotambulikana, sababu gani hata waganga wenye elimu kubwa pengine hawapatani juu yake, na namna wanavyosaidiana kwa kuonyeshana magonjwa yaliyo magumu. Tutaona pia kwamba sehemu kubwa ya historia hiyo ilitendeka karibu nasi, katika inchi za maziwa makubwa.

I. MFANO WA TITO

Vitabu vyetu vya teolojia ya maadili vinapenda kufundisha kwa mfano wa mtu asiyekuwako, Titius au Caius. Tufuate desturi hiyo. Tito ni katekista wa kijiji fulani kando ya Tanganyika, mwenye miaka 52, mvuvi wa ndagala na baba wa watoto saba. Katika mguu wake wa kushoto yalitokea madoa matatu meusi, yenye kuelekea rangi ya zambarau. Hayakumwuma, naye hakuyajali. Mwaka ukapita. Doa moja likawa kinundu, kinundu kikaanza kutoa damu kila alipokigonga kwenye mtumbwi, na mguu mzima ukavimba mpaka hauingii tena katika kiatu.

Ndipo watu wakaanza kutaja majina. Mke wake akasema ni matende. Mwuguzi wa dispanseri akasema pengine ni ukoma. Ndugu zake wakakutana usiku, wakatoa neno jingine: Tito alikanyaga dawa iliyotegwa njiani, na aliyeitega ni mjane wa kaka yake, maana wanagombania shamba. Asubuhi wakamwendea paroko. Hawakwenda kumwomba shauri, walikwenda kumwarifu kwamba yule mwanamke atafukuzwa kijijini.

Tazameni, wandugu, ugonjwa mmoja umekwisha kupata majina matatu, na hakuna aliyeutazama kwa ndani. Kwa kweli mguu kama huo unaweza kuwa na magonjwa mengi. Unaweza kuwa na ukoma wa vinundu. Unaweza kuwa na matende yanayoletwa na minyoo midogo ya filaria, au uvimbe unaowapata watu wanaotembea miguu mitupu katika udongo mwekundu wa milima ya volkano. Kuna ukungu na vijidudu vinavyoingia kwa jeraha la mwiba na kula mguu pole pole, miaka mingi. Kuna kinundu cha damu kinachoota tu juu ya jeraha, wala si kibaya. Kuna kansere inayoitwa Kaposi. Na kuna melanoma, kansere ya rangi ya ngozi, ambayo kwa watu weusi inapenda kutokea katika wayo au chini ya ukucha.

Kila moja ina dawa yake. Dawa za ukoma zinatolewa kwa miezi 6 au 12. Kama Tito ana kansere, miezi hiyo ni miezi ya kuipa kansere nafasi ya kukua. Kinyume chake, kumkata mtu mguu kwa sababu ya melanoma asiyokuwa nayo ni kumwibia mguu. Na kumfukuza mjane kwa sababu ya ugonjwa usiotoka kwake ni dhambi inayolia mbele ya Mungu. Ndiyo maana kutaja jina la ugonjwa si jambo la elimu tu. Ni jambo la haki.

II. NAMNA KIPANDE CHA NYAMA KINAVYOSOMWA

Macho ya mganga aliye mbele ya mgonjwa yanaona mengi, lakini hayaoni yote. Katika mwaka 2016 ilitangazwa kazi moja iliyofanyika Kenya na Uganda. Waganga na wauguzi wa huko walichagua watu zaidi ya elfu moja waliodhaniwa kuwa na Kaposi, na kila mmoja alitolewa kipande kidogo cha ngozi. Vipande viliposomwa na wataalamu, watu 77 tu kati ya 100 walionekana kuwa nayo kweli. Wale 23 waliobaki walikuwa na mambo mengine. Kama wangehukumiwa kwa macho tu, wangepewa dawa kali za kansere bure, na ugonjwa wao wa kweli ungeendelea.

Kwa hiyo yafaa kutoa kipande, kazi inayoitwa biopsi. Mganga anatia ganzi, kisha kwa kisu kidogo cha mviringo anatoa kipande chenye upana wa milimeta chache, si kikubwa kuliko punje ya mahindi. Kipande kinatiwa mara moja katika chupa ya formalini: sehemu moja ya formalini ya dukani kwa sehemu tisa za maji, na maji hayo yawe mara kumi ya ukubwa wa kipande. Kikitiwa katika maji matupu, kinaoza, na kazi yote inapotea. Juu ya chupa linaandikwa jina, na pamoja nayo inakwenda karatasi yenye umri wa mgonjwa, fasi ya mwili kipande kilipotolewa, siku ugonjwa ulipoanza na namna ulivyokua.

Katika laboratwari kipande kinakaushwa kwa alkoli, kinaingizwa katika nta, kisha kinakatwa kwa mashine kuwa karatasi nyembamba sana, hivi kwamba milimeta moja ingetoa karatasi 200 au zaidi. Karatasi hiyo inalazwa juu ya kioo, inatiwa rangi mbili. Moja, inayotoka katika mti wa Amerika, inafanya kiini cha kila seli kuwa cha buluu. Ya pili inafanya mwili wa seli kuwa mwekundu hafifu. Sasa mwanapatolojia, yaani mganga ambaye kazi yake ni kusoma nyama kwa mikroskopi, anaweza kuketi na kutazama.

Anatazama nini? Anatazama kama seli zinakaa kwa utaratibu wao au kama zimevunja mipaka. Kama viini vyake ni sawasawa au vimevimba na kuharibika. Kama zinagawanyika kupita kiasi. Kama zimeshuka ndani ya ngozi pasipokuwa fasi yao. Katika Kaposi anaona seli ndefu zilizochongoka kama sindano, na kati yake nyufa nyembamba zenye chembe za damu. Siku hizi kuna tena rangi ya namna ya pekee, inayoonyesha alama ya virusi vya ugonjwa huo ndani ya kiini. Ikitokea, mashaka yanapungua sana. Lakini si kila laboratwari inayo.

III. HATA WATAALAMU WANAPINGANA

Wengi wetu tunafikiri kwamba mikroskopi inasema kweli yenyewe, kama mzani unavyosema kilo. Si hivyo. Mikroskopi inaonyesha, na mtu ndiye anayehukumu. Kaposi iliyokwisha kuwa vinundu ni rahisi kuitambua. Kaposi inayoanza, iliyo doa tu, inafanana sana na ngozi yenye jeraha linalopona. Vile vile kati ya doa la kuzaliwa lisilo na ubaya na melanoma kamili kuna hatua nyingi za katikati, wala hakuna ukuta unaozitenga.

Katika mwaka 2017 watu wa Marekani walitangaza jaribio lililowashangaza wengi. Walichukua vipande 240 vya madoa ya ngozi, wakavipeleka kwa wanapatolojia 187 wa majimbo kumi. Hukumu ya kila mmoja ikapimwa kwa hukumu ya baraza la wataalamu watatu. Kwa madoa yasiyo na ubaya wowote walipatana na baraza mara 92 katika 100. Kwa melanoma iliyokwisha kuingia ndani sana walipatana mara 72. Lakini kwa yale ya katikati, yenye mashaka, walipatana kati ya mara 25 na mara 43 tu. Tena baada ya miezi 8 au zaidi walirudishiwa vioo vile vile, na kwa madoa ya katikati mara nyingi hawakupatana hata na maneno yao wenyewe ya kwanza.

Je, tuseme kwamba watu hao ni wavivu au wajinga? Hapana. Walisoma miaka mingi, na wengi wao wana bidii. Jaribio hilo linafundisha tu kwamba kuna magonjwa ambayo mtu mmoja, hata akiwa fundi, hatoshi kuyahukumu. Wazee wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Ndiyo sababu wanapatolojia wenye dhamiri njema wanakusanya vioo vyao vigumu na kuvionyesha kwa wenzao.

IV. MAMBO YALIYOTENDEKA KAMPALA

Mfano mzuri wa kazi hiyo haukutoka mbali. Ulitoka Uganda, katika lopitali ya Mulago na chuo cha Makerere.

Tangu mwaka 1897 mganga Albert Cook na wenzake wa misioni ya Waanglikani huko Mengo waliandika habari za kila mgonjwa aliyelazwa. Hawakuwa na vyombo vingi, lakini waliandika, na daftari zao zikatunzwa. Katika mwaka 1951 wanapatolojia wa Makerere, wakiongozwa na Jack Davies, wakaanza kuandika kansere zote za Kampala na vijiji vyake katika daftari moja. Baadaye, katika mwaka 1964, walichapisha hesabu ya kansere zilizokutwa katika daftari za Mengo tangu mwaka 1897 mpaka 1956. Daftari ya misioni, iliyoandikwa kwa wino na uvumilivu, ikawa shahidi wa miaka 60.

Katika mwaka 1957 mganga Denis Burkitt aliitwa Mulago kumtazama mtoto mwenye uvimbe katika taya zote mbili, juu na chini. Hakujua ni nini. Baada ya muda kidogo, akiwa Jinja, akaona mtoto wa pili mwenye uso kama ule, na mtoto huyo alikuwa na uvimbe tumboni pia. Akaanza kuuliza na kutafuta katika maandiko ya lopitali. Kumbe ugonjwa ule ulikuwako siku zote, lakini ulifichwa na majina yake mengi. Aliyepokea kipande cha taya aliutaja kwa jina moja, aliyepokea kipande cha figo aliutaja kwa jina la pili, na wa jicho kwa jina la tatu. Hapo Gregory O'Conor na Davies walipovikusanya vioo vya watoto fasi moja na kuvisoma pamoja, wakaona katika mwaka 1960 kwamba ni ugonjwa mmoja, kansere ya seli za limfa. Leo unaitwa kwa jina la Burkitt. Ni ugonjwa unaosikia dawa, na watoto wengi wamepona. Kama kila mwanapatolojia angeshikilia kioo chake na jina lake, wangekufa bila kujulikana.

Ugonjwa huo si wa ngozi, lakini njia ile ile ilifuatwa kwa Kaposi. Moritz Kaposi, mganga wa Vienna, ndiye aliyeandika juu yake mara ya kwanza katika mwaka 1872, kwa wagonjwa watano. Ulaya ulikuwa ugonjwa wa wazee wachache. Kwetu haukuwa wa wachache. Katika mwaka 1957 mganga Thijs alichapisha katika jarida la waganga Wabelgiji habari za wagonjwa wake wa Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi, na ikaonekana kwamba upande huu wa mashariki wa Kongo, pamoja na Uganda ya magharibi, ni kati ya fasi za dunia zenye ugonjwa huo kwa wingi. Kisha katika mwaka 1961 wataalamu wa Afrika, Ulaya na Amerika walikutana Kampala kwa mkutano wa Umoja wa kimataifa wa kupigana na kansere, nao walikutana kwa shauri la Kaposi peke yake. Walilinganisha walichokuwa wameona, kila mmoja katika inchi yake, wakatafuta mpaka kati ya Kaposi na magonjwa yanayofanana nayo. Kazi ya mkutano huo ikachapishwa, Lauren Ackerman wa Marekani na Murray wa Johannesburg wakiitengeneza.

Tusisahau Michael Hutt, aliyekuja kuongoza patolojia ya Makerere katika mwaka 1962. Yeye aliona kwamba lopitali ndogo za vijijini, nyingi zikiwa za misioni, haziwezi kuwa na mwanapatolojia. Basi akafungua mlango: wapeleke vipande Kampala, visomwe bure. Mganga wa mbali aliyekuwa peke yake akapata mwenzake wa kumwuliza.

Faida ya kuulizana huko ilionekana waziwazi miaka 20 baadaye. Katika mwaka 1983 mganga mpasuaji Anne Bayley, huko Lusaka, aliona Kaposi ya namna mpya. Iliwashika vijana, wanaume kwa wanawake, iliingia ndani ya mwili, iliua upesi. Angejuaje kwamba ni mpya, kama wa kwanza hawangalieleza vizuri ile ya zamani? Ilikuwa Kaposi ya wagonjwa wa Sida. Katika mwaka 1994 Yuan Chang na Patrick Moore, katika Marekani, wakapata virusi vinavyoileta, vikahesabiwa kuwa vya nane katika jamaa ya virusi vya herpesi vya wanadamu. Tangu hapo tunajua kwamba Kaposi haitokani na mtego wa mtu wala na laana.

Leo si lazima kupeleka sanduku la vioo kwa gari au kwa meli. Katika mwaka 2007 mganga wa ngozi Steven Kaddu, mzaliwa wa Uganda aliyefanya kazi Graz, katika Austria, alianzisha pamoja na wenzake njia ya kupokea picha za ngozi kutoka lopitali za Afrika na kuzijibu kutoka mbali. Na huko Moshi, katika Tanzania, tangu mwaka 1992 kuna shule ya waganga wa ngozi katika lopitali ya KCMC, inayofundisha watu wa inchi nyingi za Afrika, na inayojulikana hasa kwa kuwahudumia albino, ambao jua linawaletea kansere ya ngozi wangali vijana. Hata simu ya mkononi, ikiwekwa juu ya jicho la mikroskopi, inaweza kupiga picha na kuituma Bukavu, Kampala au Bruxelles.

V. KUULIZANA KUNA SHERIA ZAKE

Mtu asidhani kwamba inatosha watu wengi kutazama kioo kimoja. Wengi wanaweza kukosa pamoja. Mzee wa idara akisema kwanza, "Hii ni melanoma", vijana watakubali kwa heshima, na hukumu tano zitakuwa kwa kweli hukumu moja iliyorudiwa mara tano. Kwa sababu hiyo wanapatolojia wenye busara wanashika sheria kadhaa.

Ya kwanza: kila mmoja asome peke yake na kuandika jibu lake kabla ya kusikia la mwenzake. Mtakatifu Benedikto, katika sura ya tatu ya Kanuni yake, anamwagiza abate awaite ndugu wote katika shauri kubwa, kwa sababu mara nyingi Bwana anamfunulia aliye mdogo lililo jema zaidi. Lakini mdogo atasemaje, kama mkubwa amekwisha kufunga mlango?

Ya pili: habari za mgonjwa ziende pamoja na kioo. Doa moja lina maana tofauti kwa mtoto na kwa mzee, katika uso na katika wayo. Asiyeambiwa kwamba kovu la moto la zamani limefunguka tena na kutoa harufu hatakumbuka upesi kwamba kansere inaweza kuota katika makovu kama hayo.

Ya tatu: jina la mgonjwa lifichwe. Wao wanaandika namba, sisi tunaandika Titius. Sababu ni ile ile.

Ya nne: mashaka yaandikwe. Wakitofautiana, wasijifanye kuwa wamepatana. Waseme: wawili wanaona hivi, mmoja anaona vile, tunaomba kipande cha pili, au tutazame tena baada ya muda. Ndilo lile shauri la Walawi: siku saba, kisha siku saba nyingine.

Ya tano: wafuate mgonjwa. Baada ya mwaka waulize: alipona? alikufa? ugonjwa ulirudi? Jibu hilo ndilo linalosahihisha wote, wakubwa na wadogo.

Wasomaji mapadri wametambua kwamba jambo hili si geni kwetu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, katika kanoni 131, iliagiza mapadri wa kila dekanati wakutane siku zilizowekwa kwa kujadili mambo ya maadili na ya liturjia. Na ile ya mwaka 1983, katika kanoni 279, inawataka bado wahudhurie mikutano ya namna hiyo. Huko casus conscientiae ilisomwa, kila mmoja akatoa jibu lake na sababu zake. Mtakatifu Tomaso anahesabu utayari wa kufundishwa, docilitas, kati ya sehemu za busara, akiongeza kwamba hata wazee wanauhitaji, maana hakuna anayejitosheleza mwenyewe katika mambo ya kutenda. Tujiulize bila kuficha: mikutano yetu ya dekanati ingali na kazi hiyo, au tunasoma matangazo, tunakula na kurudi? Padri asiyeuliza shauri miaka kumi hajawa fundi kwa sababu hiyo. Pengine amerudia kosa moja miaka kumi.

VI. JIBU LA MFANO, NA MASHAURI

Turudi kwa Tito. Paroko afanye nini? Asitaje ugonjwa, hiyo si kazi yake. Lakini asinyamaze, maana kunyamaza ni kuwaachia wengine wautaje. Awaambie ndugu: "Hakuna aliyetazama ndani ya mguu huu. Mpaka tutakapojua, hakuna mtu atakayefukuzwa." Ampeleke Tito kwa mganga anayeweza kutoa kipande. Kama safari ya Bukavu au Bujumbura imefungwa na vita au na ukosefu wa franga, chupa inaweza kusafiri mahali ambapo mgonjwa hawezi, na picha inaweza kusafiri mahali ambapo chupa haiwezi, ingawa picha peke yake haikati shauri lote.

Tuseme basi mwanapatolojia wa kwanza anajibu: kinundu cha damu, hakina ubaya. Mganga wa Tito, akiuona mguu uliovimba, haridhiki. Anaomba kioo kitazamwe na wengine wawili, na rangi ya virusi itiwe. Wanajibu: Kaposi. Hapo wa kwanza hakutukanwa, na mganga aliyeomba hakukosa adabu. Tito anapimwa virusi vya Sida, kwa sababu matunzo yanafuata jibu hilo, kisha anaanza dawa. Mguu hautarudi kama zamani upesi, pengine hautarudi kabisa. Lakini anajua anachopigana nacho, na mjane wa kaka yake analima shamba lake.

Kwa wafratri na makatekista tunaongeza mashauri haya.

Mtume kwa mganga pasipo kukawia mtu mwenye doa linalokua, linalobadilika rangi au kutoa damu. Mwenye doa jeusi katika wayo au chini ya ukucha. Mwenye kidonda kisichopona kwa miezi. Mwenye kovu la moto lililofunguka. Na albino yeyote mwenye kidonda katika uso, masikio, shingo au mikono. Albino wavae kofia pana na mikono mirefu tangu utoto. Katekismo isifundishwe juani wakiwamo.

Waelezeni watu kwamba kipande kidogo hakiuzwi wala hakitumiwi kwa uchawi, na kwamba kukitoa hakuamshi kansere. Wengi wanakimbia kisu kwa hofu hiyo, wanakwenda kwa mfumu ambaye anachoma kinundu kwa chuma cha moto, na ushahidi wote unaungua.

Jibu likikawia, mtembeleeni mgonjwa. Siku za kungojea ni ndefu, na ndizo siku ambazo maneno ya uchawi yanapata masikio. Likija jibu la mashaka, msiseme waganga hawajui kitu. Mganga anayekiri mashaka yake na kuuliza wenzake anastahili kuaminiwa zaidi kuliko mfumu asiyekuwa na mashaka kamwe.

Mwisho, andikeni. Daftari ya wagonjwa wa parokia, yenye tarehe, umri na fasi ya ugonjwa, ikitunzwa kwa siri inayopasa, inaweza siku moja kuwafaa wengine kama daftari za Mengo zilivyofaa. Aliyeziandika mwaka 1897 hakujua nani atazisoma.